CHAMA KIMEKUFA, DENI HALIJAFA

Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini aliunda tume, chini ya Jaji Sisi Khampepe, ichunguze swali moja zito: je, tangu mwaka 2003 kulikuwa na mkono uliozuia kesi za mauaji ya zama za ukaburu zisifike mahakamani? Kesi zenyewe ziliachwa na Tume ya Ukweli na Maridhiano ili wale ambao hawakuomba msamaha, au walioomba wakanyimwa, washitakiwe kama wahalifu wengine. Miaka ikapita, majalada yakakaa. Tume hii mpya haikuzaliwa kwa hisani ya wakubwa. Ilizaliwa baada ya jamaa za marehemu kuipeleka serikali yao wenyewe mahakamani mwezi Januari mwaka huo huo.

Miongoni mwa jamaa hao zimo familia za watu wanne wa Cradock. Usiku wa Juni 27, 1985, Matthew Goniwe, Fort Calata, Sparrow Mkonto na Sicelo Mhlauli waliondoka Port Elizabeth kwa gari kurudi kwao. Hawakufika. Walisimamishwa njiani na polisi wa usalama, wakauawa, na miili yao ikachomwa moto. Maofisa sita wa polisi walioomba msamaha kwa mauaji hayo walinyimwa na Tume mwaka 1999. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyehukumiwa. Wote wamekwisha kufa.

Maofisa hao hawakuwa majambazi wa barabarani. Walikuwa na vyeo, mishahara na pensheni. Nyuma yao ilikuwepo serikali, na nyuma ya serikali kilikuwepo chama. Chama hicho, National, ndicho kilichoitawala Afrika Kusini kuanzia 1948 hadi 1994. Leo mtu akitaka kukishitaki hatakiona. Kilibadili jina mwaka 1997, na Aprili 9, 2005 kikajivunja chenyewe. Wapo wanaosema kwamba hapo mambo yamekwisha, na kwamba aliyekufa hadaiwi. Sisi tunasema kwamba kifo cha chama hakifuti deni la chama. Na kama deni hili limekuwa gumu kudai, sababu mojawapo ni kwamba chama hicho, tangu mwanzo wake, kilizoea kutenda kwa mikono ya wengine, ili siku ya kuulizwa kiweze kujibu: si sisi.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa siri. Mwaka 1918, mjini Johannesburg, vijana wachache wa Kikaburu wakiongozwa na Henning Klopper, karani wa reli, walianzisha chama cha kuinuana. Kikaja kuitwa Broederbond, maana yake Umoja wa Ndugu. Baada ya muda mfupi kikajifunika shuka la siri. Hakuna aliyejiunga kwa hiari yake. Mtu alialikwa baada ya kuchunguzwa. Ilimpasa awe mwanamume, Mzungu, msemaji wa Kiafrikaans, na Mprotestanti. Alikula kiapo cha kutomtaja ndugu yeyote wala kutojitaja mwenyewe, hata angetoka katika Umoja. Walimu wakuu, wachungaji, wahariri, wakurugenzi wa mabenki na maofisa wa serikali waliingia mmoja baada ya mwingine. Benki ya Volkskas, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikuwa zao la Umoja huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini ndugu hao walikuwa karibu elfu kumi na mbili tu. Lakini elfu kumi na mbili wenye kushika funguo za nchi ni jeshi kubwa kuliko mamilioni wasio na ufunguo hata mmoja.

Wa kwanza kuwataja hadharani kwa ukali hakuwa Mwafrika wala Mwingereza. Alikuwa Jenerali J. B. M. Hertzog, Kaburu halisi, mwasisi wa chama cha National cha mwaka 1914 na Waziri Mkuu wa nchi. Daktari D. F. Malan alikuwa amejitenga naye mwaka 1934 na kuunda chama alichokiita National Iliyotakaswa. Mwezi Novemba mwaka 1935, katika hotuba yake ya Smithfield, Hertzog aliwaambia wapiga kura kwamba hawana haja ya kutafuta tofauti kati ya chama cha Malan na Broederbond: kinachofanya kazi juu ya ardhi ndicho kinachofanya kazi chini ya ardhi. Waliomsikiliza walimwona mzee mwenye hasira ya kuachwa na wenzake. Miaka iliyofuata ilithibitisha maneno yake. Kuanzia Malan hadi F. W. de Klerk, kila kiongozi wa serikali ya National aliyetawala baada ya 1948 alikuwa ndugu wa Broederbond. Jenerali Smuts alipowakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa Umoja huo mwezi Desemba 1944, amri yake iliishi hadi Malan alipoingia madarakani, kisha ikafutwa.

Mkono wa pili haukuwa wa siri hata kidogo. Mwaka 1938 Makaburu walisherehekea miaka mia moja ya safari ya wahenga wao kwenda bara, na magari ya kukokotwa na ng'ombe yakazungushwa nchi nzima. Kutokana na shamrashamra hizo kikazaliwa, mwaka 1939, chama cha Ossewabrandwag, yaani Walinzi wa Magari ya Ng'ombe. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Walinzi hao waliomba Hitler ashinde. Kikosi chao cha Stormjaers kililipua nguzo za umeme, nyaya za simu na njia za reli. Kando yao walikuwepo Mashati ya Kijivu wa Louis Weichardt, waliokuwa wakiiga Unazi waziwazi tangu mwaka 1933. Bwana mmoja, Robey Leibbrandt, mwanamasumbwi wa zamani, aliletwa na Wajerumani kwa jahazi mwaka 1941 aje aipindue serikali. Alikamatwa, akahukumiwa kifo mwaka 1943, na Smuts akaibadili adhabu hiyo kuwa kifungo.

Kwa haki ya historia ni lazima tueleze kwamba Malan aligombana na Walinzi hawa. Mwaka 1940 walikubaliana kugawana kazi, chama kishike siasa na Walinzi washike utamaduni. Mwaka uliofuata mapatano yakavunjika, na wanachama wa National wakaamriwa kuchagua upande mmoja. Watetezi wa chama hicho wameutumia ugomvi huo kuwa ushahidi kwamba hakikuwa na uhusiano na Manazi. Lakini tuangalie ugomvi wenyewe ulihusu nini. Walinzi walitaka kuitwaa nchi kwa nguvu, wakidharau bunge. Malan alitaka kuitwaa kwa sanduku la kura la Wazungu. Hawakugombana juu ya Mwafrika. Katika hilo walikuwa kitu kimoja. Wala hawakugombana sana juu ya Myahudi, kwa kuwa tawi la National la Transvaal lilikuwa likiwakatalia Wayahudi uanachama, na mhariri wa gazeti lake, Daktari H. F. Verwoerd, alishindwa kesi mwaka 1943 aliposhitaki gazeti jingine kwa kumwita mtumishi wa propaganda ya Kinazi. Jaji alisema kwamba aliyoandikiwa yalikuwa kweli.

Kipimo cha ugomvi wa namna hii ni kile kinachotokea baada ya ushindi. Tarehe 26 Mei, 1948 National na mshirika wake, Chama cha Afrikaner, walipata viti 79 dhidi ya 71 vya Smuts na washirika wake, ingawa upande wa Smuts ulipata kura nyingi zaidi. Chama hicho cha Afrikaner ndicho walichokuwa wamekimbilia wengi wa Walinzi. Mwaka 1951 kikamezwa na National, na Walinzi wakaingia nyumbani kwa mlango wa mbele. Leibbrandt alifunguliwa mwaka ule ule wa 1948. Weichardt wa Mashati ya Kijivu alifanywa seneta wa National. John Vorster, aliyekuwa jenerali wa Walinzi na aliyewekwa kizuizini Koffiefontein wakati wa vita, aliyepata kutamka mwaka 1942 kwamba itikadi yake ilikuwa ndugu wa Ufashisti wa Italia na Unazi wa Ujerumani, aliingia bungeni mwaka 1953, akawa Waziri wa Sheria mwaka 1961 na Waziri Mkuu mwaka 1966. Mwenzake wa kizuizini, Hendrik van den Bergh, ndiye aliyepewa idara ya ujasusi ya BOSS ilipoundwa mwaka 1969. Nyoka alikuwa amejivua gamba. Lakini sumu ya nyoka haikai katika gamba.

Basi mtu asishangae kwamba chini ya mikono hiyo zilitungwa sheria za kukataza ndoa kati ya rangi mbalimbali mwaka 1949, za kuandikisha kila mtu kwa rangi yake na za kugawa makazi mwaka 1950, na ya kumpa Mwafrika elimu ya utumwa mwaka 1953. Wala mtu asishangae kwamba vyumba vya mahojiano vya polisi viligeuka kuwa machinjio. Waliofungiwa kwa sababu ya kumuunga mkono Hitler ndio waliokabidhiwa funguo za magereza.

Mkono wa tatu ulizaliwa chama kilipoanza kuchoka. Chama kinachowafundisha watu wake kwamba wao ni wateule wa Mungu hakiwezi kesho yake kuwaambia wagawane nchi na wengine, kisha wakakubali kwa utulivu. Mwaka 1969 kundi la kwanza lilijitenga chini ya Albert Hertzog, mwana wa yule jenerali wa Smithfield. Mwaka 1973 Eugene Terre'Blanche na wenzake sita walianzisha AWB mjini Heidelberg, kikundi chenye sare, silaha na bendera iliyofanana na ya Hitler. Mwaka 1982 Andries Treurnicht, aliyekuwa mwenyekiti wa Broederbond miaka ya sabini, aliongoza uasi na kuunda chama cha Conservative, ambacho katika uchaguzi wa 1987 kilikuwa upinzani rasmi katika bunge la Wazungu. National wakaanza kujitazama kama watu wa wastani, kwa kuwa sasa walikuwepo wabaya kuliko wao. Huo nao ni ujanja wa kale: anayemfuga mbwa mkali husifiwa kwa upole wake kila mbwa anapombwekea jirani.

Mbwa huyo aliuma. Tarehe 10 Aprili, 1993 Chris Hani alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Aliyefyatua alikuwa Janusz Walus, mhamiaji kutoka Poland. Aliyempatia silaha alikuwa Clive Derby-Lewis, aliyekuwa mbunge wa chama cha Conservative. Mwezi Juni mwaka huo AWB walivunja vioo vya ukumbi wa mazungumzo ya katiba huko Kempton Park kwa gari la deraya. Na National waliokuwa wameketi ndani ya ukumbi ule waliweza kusema kwa mara nyingine: si sisi.

Hapa tunapenda kutoa tahadhari. Hatuandiki haya ili kulilaani kabila. Katika lugha yetu neno kaburu limekuja kumaanisha mbaguzi yeyote, lakini si kila Kaburu alikuwa kaburu. Mchungaji Beyers Naudé alikuwa mwana wa mmoja wa viongozi wa kwanza wa Broederbond, na yeye mwenyewe alikuwa ndugu tangu mwaka 1940. Mwaka 1963 dhamiri ilimshinda, akautoka Umoja, na siri zake zikafika magazetini. Alitengwa na kanisa lake, na mwaka 1977 serikali ikampiga marufuku kwa miaka saba. Bram Fischer, mjukuu wa kiongozi mkubwa wa Makaburu, alifungwa maisha kwa kuipinga serikali ya watu wake. Wala hatusahau kwamba Machi 1992 zaidi ya theluthi mbili ya Wazungu waliopiga kura waliunga mkono mazungumzo. Ni hao hasa wanaotufanya tukidai chama hesabu. Kama mtu mmoja mwenye dhamiri aliweza kuondoka na kusema, basi elfu nyingi waliobaki na kunyamaza walichagua kunyamaza.

Na siku ya kusema ilipofika, je, walisema? Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimwita P. W. Botha, akakataa kwenda. De Klerk alikwenda, akaomba radhi kwa maumivu yaliyosababishwa na sera ya chama chake, lakini mauaji akayaweka mabegani mwa askari wachache waliopotoka. Mwezi Februari 2020 bado alikuwa anabisha kwamba ukaburu haukuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kelele zilipozidi, akayarudisha maneno yake na kuomba radhi. Alifariki Novemba 2021. Polisi wa chini wakalaumu amri kutoka juu, wakubwa wa juu wakalaumu polisi wa chini, na katikati pakawa na chama ambacho hakikuwepo tena kujibu.

Lakini kalamu yetu haitakuwa na haki kama itaishia kwa waliokufa. Chama kilipokwisha nguvu, kutoka asilimia 20 ya kura mwaka 1994 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2004, viongozi wake waliosalia walibisha hodi kwa ANC, nao wakafunguliwa. Kiongozi wao wa mwisho, Marthinus van Schalkwyk, alipewa uwaziri. Tunafahamu hekima ya kumpokea adui aliyeweka silaha chini. Hatufahamu hekima ya kumpokea bila kumwomba majalada. Tangu 2003 serikali iliyoshindwa kuzisukuma kesi hizi haikuwa ya Makaburu. Ilikuwa ya wale waliokuwa wakizikwa na Makaburu. Aliyekuwa mkuu wa mashitaka wa nchi hiyo alieleza kwa kiapo mahakamani kwamba aliingiliwa katika kazi yake juu ya kesi hizi. Kama ni kweli, na ni nani walioingilia, ndiyo kazi ya Tume ya Jaji Khampepe. Sisi hatutamhukumu mtu kabla ya ushahidi. Tunachosema ni kwamba mpigania uhuru anayemficha mtesaji wake, kwa hofu ya yale yatakayosemwa kumhusu yeye mwenyewe, anampa mtesaji ushindi wa pili.

Tunayo haki ya kusema hivyo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mkutano mkubwa wa ANC wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Pale Mazimbu shamba la katani liligeuzwa shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya Vorster na Botha Aprili 6, 1979. Wapo wazee katika mkoa huo waliowagawia wageni wale unga na kuwazika waliofia ugenini. Hawakudai malipo, wala leo hawadai. Lakini rafiki wa shida ana ruhusa ya kuuliza wakati wa raha: wale tuliowazika kwenu na kwetu, mmewatafutia haki?

Nchi nyingi leo zina vyama vinavyovaa suti bungeni huku vikiwa na jamaa wenye marungu mitaani, na kila wakiulizwa husema kwamba hawajuani. Historia ya National inatufundisha namna ya kuwachunguza. Tusiulize chama kinasema nini juu ya kikundi cha chuki wakati wa kampeni. Tuulize watu wa kikundi hicho wanapewa vyeo gani baada ya ushindi. Tusiulize kama wamegombana. Tuulize wamegombana juu ya nini. Na chama kinapokufa, tusiulize tu kimezikwa wapi. Tuulize majalada yake yako kwa nani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kubadili jina, wala kuhamia nyumba ya mwingine, wala kufa. Kwa familia za Goniwe, Calata, Mkonto na Mhlauli, malipo yenyewe si makubwa mno. Ni kuambiwa kwa ukamilifu, na mahakama iliyo wazi, nani alitoa amri, nani aliipitisha, na nani baadaye aliiweka chini ya meza. Serikali ya Pretoria inao uwezo wa kulipa hivyo mashahidi wachache waliosalia wakiwa bado hai. Tunaisihi isingoje wafe nao.